Mguu wa Kufundishia Kereng'ende

Sinia la mizoga lilikuwa limejaa pomoni asubuhi hiyo, na Subilaga Mwaijande alipaswa kufurahi. Ndiyo kazi iliyomweka pale. Kila kulipopambazuka, kereng'ende wa Kituo cha kupambana na inzi walitoka mnarani, wakawinda inzi juu ya maporomoko ya Mto Lufilyo, wakarudi nao na kuwadondosha kwenye sinia ili mwalimu wao awahesabu. Sinia likijaa, wakubwa wa Kituo wanapeana mikono, na bonde zima linaendelea na shughuli zake likiamini kwamba macho ya watoto wake yako salama.

Ila Subilaga hakufurahi, kwa sababu alikuwa ametoka kung'atwa shingoni.

Tangu awe mtu mzima hakuwa amewahi kung'atwa na inzi wa mtoni. Alimpiga yule mdudu kofi kabla hajafikiri, akamwokota kwenye ukosi wa shati lake, na sasa alikuwa amemlaza juu ya kioo, pembeni ya mmoja wa waliouawa na kereng'ende. Kwa macho matupu walikuwa pacha. Wote weusi, wote wadogo kama punje za ulezi, wote wana kibiongo. Akavuta lenzi karibu, akatazama pale bawa linapoungana na mwili, kwenye kishungi cha manyoya ambacho walimu wa kereng'ende hujifunza kukisoma kabla ya kitu kingine chochote.

Aliyemng'ata alikuwa na kishungi cheusi. Aliyekufa mnarani alikuwa na kishungi cha manjano.

Subilaga akachukua mwingine kutoka kwenye sinia. Manjano. Akachukua mwingine, na mwingine, mpaka mgongo ukaanza kumuuma kwa kuinama, na wote walikuwa manjano. Alidhani jicho lake limechoka, akaenda kunawa uso mtoni, akarudi na kuanza upya. Matokeo hayakubadilika.

Mtu wa bonde lile hahitaji kuelezwa maana yake, lakini aliyetoka mbali aelezwe. Juu ya mawe ya Lufilyo wanaishi inzi wa aina mbili. Wa manjano huitwa inzi-ng'ombe. Hunywa damu ya ng'ombe, anashiba, anaondoka, na ng'ombe hana analopoteza zaidi ya subira. Wa kishungi cheusi huitwa inzi-mtu. Huyo hunywa damu ya binadamu na kuacha mbegu ya minyoo, na minyoo hiyo huota vinundu mwilini, ikaifanya ngozi iwashe mpaka ikauke magamba, kisha ikapanda machoni taratibu. Dawa iliyokuwa ikigawiwa ndiyo iliyoutuliza ugonjwa miaka yote, lakini minyoo ilishaizoea. Na aina zote mbili hutaga kwenye mawe yaleyale, kwenye maji yaleyale yendayo kasi, hivyo pale inzi-ng'ombe anapojaa, inzi-mtu hukosa pa kushika.

Kereng'ende walikuwa wakimwondoa yule asiye na kosa. Walikuwa wakimfagilia njia mwenye kosa.

"Jamani," alisema Subilaga kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. Juu yake kereng'ende mmoja alirudi na windo, akalidondosha kwenye sinia kwa adabu, akaruka tena kwenda kazini.

*

Dkt. Lubango Masalu, mkuu wa Kituo, hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye mtu anaweza kushawishika kufikiri vingine. Alitoka Shinyanga akiwa kijana, akafika bondeni hapa Busokelo kuwafundisha kereng'ende wa kwanza kabisa, akaoa hapo, akazeeka hapo. Alijua majina ya watoto wa walinzi. Mfanyakazi akifiwa, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka.

Alitazama kwenye lenzi muda mrefu.

"Labda ni mnara huu mmoja tu," alisema hatimaye.

"Nimepita minara yote kabla ya kuja hapa, Daktari. Wote ni manjano."

"Basi tufungue somo mama, lile la kizazi cha kwanza."

Walifunga mlango wa chumba cha kumbukumbu. Kereng'ende wa Kituo ana misuli ya mdudu na ubongo wa kiwandani, na ubongo huo huzaliwa ukiwa tayari umebeba somo lililofundishwa kizazi cha kwanza. Anachokijua ni harufu. Kila aina ya inzi ina mafuta mwilini yenye harufu yake, nyepesi mno kwa pua ya mtu na hata kwa mitambo, ila kereng'ende huinasa angani na kuifuata. Mwalimu hamwelezi kitu. Humweka kereng'ende aliyetoka kuanguliwa mbele ya inzi aliye hai, na inzi anayetakiwa akifanya lile linalomtambulisha, mwalimu hubana kibofu cha mpira kinachopuliza mvuke mtamu. Mdudu huunganisha utamu na harufu, na muungano huo haufutiki tena. Unaweza tu kufunikwa na somo lenye nguvu zaidi, nalo linaingia asubuhi ya kwanza tu, kabla mabawa hayajakauka.

Picha ya somo hilo ilikuja ukutani. Ulikuwa mguu wa mwanamke, umenyooshwa juu ya jiwe, maji yakipita nyuma yake. Chini ya goti palikuwa na kovu refu la jembe.

Subilaga alilijua kovu lile tangu utotoni. Ulikuwa mguu wa mama yake mdogo, Tunsume.

Enzi hizo watu wa bonde walikuwa wakiajiriwa kukaa chambo. Walikaa mtoni miguu wazi, wakawaacha inzi watue, na kereng'ende wachanga wakafundishwa kwa miguu yao. Wazo lilikuwa jepesi: inzi anayekuja kwenye mguu wa mtu ni inzi-mtu. Ukutani inzi walitua mmoja baada ya mwingine, na kila alipotua mmoja, mvuke ulipulizwa. Wengine waliinama wakanywa. Lakini wengine, na ndio waliokuwa wengi, walitembea kidogo juu ya ngozi, wakageuka, wakaruka zao bila kuonja. Na wao walipulizwa vilevile.

"Kwa nini wanatua kama hawataki kunywa?" aliuliza Subilaga. "Inzi-ng'ombe anatafuta nini kwenye mguu wa mtu?"

Jibu liliingia kwenye picha lenyewe. Upande wa kushoto ulitokea mkia, ukapunga mara moja kufukuza wadudu, ukapotea. Kisha ikasikika sauti ya kijana, ya uchangamfu, yenye lafudhi ya Kisukuma: "Mama, msogeze kidogo huyo ng'ombe wako, mkia unaniharibia picha."

Dkt. Lubango alizima picha, akashika tama.

"Ile ni sauti yangu," alisema.

"Nimeisikia."

"Kila mmoja wao alikuja na ng'ombe wake, Subilaga. Ukingo mzima ulikuwa ng'ombe. Na mimi niliona uchafu wa picha tu, sikuona kitu kingine. Wale inzi walikuja kwa ng'ombe. Miguu ya watu ilikuwa mahali pa kupumzikia. Tuliwafundisha kumwinda yeyote aliyetua, na kwa kuwa wengi walikuwa manjano, harufu yao ndiyo iliyokaa."

Mezani kwake kulikuwa na ripoti kutoka zahanati ya Kandete, juu kabisa ya bonde, ambako ugonjwa haukuwa umeonekana kwa kizazi kizima. Mtoto wa darasa la pili amekutwa na kinundu nyongani. Subilaga alikuwa ameisoma wiki iliyopita akadhani ni makosa ya daktari mgeni.

"Tuwafundishe upya," alisema. "Mvua haijaanza. Vizimba vimejaa mayai, yataanguliwa wiki hii. Wakianza na somo sahihi, kizazi kinachofuata chote kitalibeba."

"Kwa kutumia nini? Inzi tuliowakamata?"

Wote wawili walijua jibu. Inzi aliyekamatwa hutoa harufu ya hofu. Kituo kimoja cha mbali kiliwahi kufundisha kwa mateka, na kereng'ende wake wakatoka kuwinda kila mdudu mwenye hofu, wakamaliza nyuki wa watu. Ngozi ya bandia nayo ilijaribiwa. Inzi walitua, wakainusa, wakaidharau. Ilihitajika ngozi ya mtu, yenye jasho la mtu, pasipo ng'ombe karibu, na mwalimu mwenye jicho kali atakayebana kibofu pale tu inzi wa kishungi cheusi atakapoinama na kunywa.

Na hilo lilikuwa kosa la jinai. Waliokaa chambo wa zamani walipoanza kupofuka, serikali ilitunga Sheria ya Ngozi: mtu asiwekwe tena mbele ya inzi, kwa malipo wala kwa hiari. Ilibaki nafasi moja tu, kifungu kidogo kilichomruhusu mkuu wa Kituo, kwa dharura, kumkubali mtu ambaye macho yake yameshaathirika.

Dkt. Lubango hakukitaja kifungu hicho. Hakuwa na haja.

*

Mama mdogo Tunsume alikuwa anakamua Subilaga alipofika. Alikuwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, macho ameyafumba, maana jicho la kushoto lilishakufa na la kulia lilimtosha kwa mambo ya lazima tu. Kipini kwenye sikio la ng'ombe kilikuwa kikimsomea taratibu joto la mwili na kiasi cha maziwa, naye alikuwa akikijibu kwa kukisonya.

"Ugonile, mama mdogo."

"Ndaga, mwanangu. Umekuja peke yako? Nilifikiri safari hii ungeniletea mkwe. Au umeamua kuolewa na kereng'ende?"

"Kereng'ende hawalipi mahari, mama."

"Wanaume wa siku hizi nao hawalipi." Alicheka, akasogeza ndoo. "Kaa. Sema kilichokuleta, sauti yako haiko sawa."

Subilaga alikaa kwenye kigoda, akauliza kama zamani alikuwa akienda mtoni na ng'ombe.

"Sasa ningemwacha na nani?" Mama mdogo alishangaa kweli. "Walisema nikae kutwa nzima. Ng'ombe wa mahari ya mama yako, mimi ndiye niliyepewa kumtunza, nimwache nyumbani alie? Hakuna mtu wa hapa angekwenda kukaa mahali kutwa bila ng'ombe wake. Angeonekana hana akili, au hana ng'ombe." Kisha akageuza uso wake wote upande wa Subilaga. "Kwa nini unauliza?"

Alimweleza. Hakumficha kitu, kwa kuwa mama mdogo alikuwa na namna ya kusubiri iliyomfanya mtu asiweze kuficha. Alimweleza habari za vishungi, mkia, mtoto wa Kandete, na kwamba somo lote la bonde lilijengwa juu ya miguu yao na lilikuwa somo la uongo.

Mama mdogo aliifunika ndoo ya maziwa kwa sahani. Subilaga alitamani angekuwa hajaja.

"Kwa hiyo jicho langu nililitoa bure," alisema.

"Mama..."

"Niache niseme. Mwaka ule lilipozima, nilijiambia basi, limekwenda kwa ajili ya watoto. Wewe ulikuwa unanyonya. Nikikuona unatembea mtoni huwashwi, nilikuwa naona kama ni mimi ninayekutembeza. Kumbe nilikuwa nawafundisha wale wadudu wenu kuua inzi wa ng'ombe." Alifuta pua kwa upindo wa khanga. "Mnahitaji mguu mwingine, siyo?"

"Siyo wako."

"Sheria inaruhusu wangu. Naijua hiyo sheria, tulisomewa hapa hapa. Ilipopita mlitwambia tupumzike, mkatupa cheti, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Kituo aliyekanyaga kwangu isipokuwa wewe, kwa kuwa ni damu yangu. Mguu huu ndio uliokuwa na maana. Uchukueni tena, ufundishe vizuri safari hii."

"Una jicho moja, mama mdogo. Hao ninaowatafuta ndio wanaobeba minyoo. Kila atakayeshiba kwako atakuongezea. Jicho hilo litazima."

"Litazima tu hata hivyo."

"Lini?"

Mama mdogo alimpapasa ng'ombe mgongoni.

"Sijui," alisema. "Bado naona njia. Naenda chooni mwenyewe. Nikiamka naona kama ni ng'ombe mweupe au mwekundu aliyesimama mlangoni. Ni hayo tu, Subi. Siyo mengi."

Subilaga aliondoka hapo akiwa amemkatalia, na alijua kabla hajafika barabarani kwamba hajamkatalia vya kutosha. Njia nzima alikuwa akigombana na maneno yale, siyo mengi. Waliotunga kile kifungu walihesabu hivyohivyo. Waliona jicho lililobaki nusu ni rahisi kulitoa kuliko jicho zima, kana kwamba mwenye nusu anapoteza nusu tu. Lakini mwenye macho mawili akipoteza jicho, bado anaona. Mama mdogo akipoteza hilo moja, atashikwa mkono kwenda chooni mpaka siku ya kufa. Hasira ilimpanda Subilaga hadi akasimama katikati ya migomba akalia.

*

Siku ya kuangua alifika mtoni kukiwa na ukungu. Dkt. Lubango alikuwa ametangulia. Trei za kereng'ende wachanga zilikuwa zimepangwa kwenye nyasi, wadudu wenyewe wakiwa wamening'inia kwenye vijiti, mabawa yao bado mabichi, yamekunjamana. Juu ya meza ya kukunja palikuwa na lenzi, kibofu cha mpira, na karatasi moja yenye saini yake.

"Mama yako mdogo alikuja ofisini jana mwenyewe," alisema bila kumtazama. "Nilimweleza hatari zote. Anajua anachofanya kuliko mimi na wewe. Kifungu kinaruhusu."

"Ulisaini mara moja?"

"Subilaga, kuna bonde zima."

"Nauliza kama ulisaini mara moja."

"Nilisaini," alisema. "Macho yake yameshakwenda. Inaniuma, lakini ndiyo hali."

Mama mdogo alitokea kwenye ukungu akitafuta njia kwa fimbo. Alikuwa amevaa khanga mpya na kujipaka mafuta mikononi na usoni tu, miguu ameiacha mikavu, kama alivyofundishwa zamani. Hakuwa na ng'ombe. Alitembea akiwa ameuweka mkono mmoja hewani kidogo, pale ambapo mgongo wa ng'ombe ungekuwa, na Subilaga alipouona mkono ule uamuzi wake ulikwisha.

Akavua viatu. Akakunja suruali mpaka juu ya goti, akapanda juu ya jiwe la kukalia, akanyoosha mguu juu ya maji.

"Unafanya nini?" aliuliza Dkt. Lubango.

"Nakaa chambo. Wewe utakuwa mwalimu. Ulikuwa mwalimu kabla yangu, na vishungi hujavisahau, nimekuona ukivisoma juzi."

"Huo ni uhalifu. Wewe ni mzima. Utafungwa, na mimi nitafungwa pamoja nawe."

"Basi tutafungwa."

Mama mdogo alikuwa amefika karibu, akageuza kichwa huku na huku mpaka akaelewa ni nani aliyeko juu ya jiwe.

"Shuka hapo," alisema. "Hiyo ni nafasi yangu. Macho ni yangu, Subilaga, nikitaka kuyatoa ni yangu. Umeninyang'anya."

"Ndiyo, mama, ni yako. Na mguu huu ni wangu."

"Una miaka mbele yako, mtoto mjinga wewe!"

"Na wewe unayo yako."

Jua lilianza kuutoboa ukungu, na kwenye trei mabawa ya kwanza yalianza kunyooka. Yakikauka, asubuhi imepotea. Dkt. Lubango aliona hilo, akachukua kibofu kwa mkono mmoja na lenzi kwa mwingine, akapiga magoti kando ya mguu wa Subilaga na kuisogeza trei karibu.

"Usiukaze," alisema mama mdogo ghafla. Sauti ilikuwa bado ya hasira. "Mguu uliokazwa hawaupendi. Pumua. Uachie kama umelala."

Subilaga aliuachia.

Inzi wa kwanza alitua kwenye muundi. Dkt. Lubango aliinama na lenzi. Kishungi cha manjano. Inzi akatembea, akazunguka, akaruka. Kibofu hakikubanwa. Wa pili alikuwa vilevile. Wa tatu alitua karibu na kifundo, mahali ambapo ngozi ni nyembamba, akakaa. Kishungi cheusi. Akajitikisa kidogo, akateremsha kichwa.

Maumivu yalikuja yakiwa madogo na makali, na Subilaga akahisi mwili wake wote ukimwambia apige. Aliyashika mawe kwa mikono miwili. Kila kitu alichokijua kuhusu minyoo kilimjia kwa mpigo, jinsi inavyokaa miaka chini ya ngozi, jinsi inavyopanda, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Hakujifanya jasiri, machozi yalimtoka.

Alisubiri asikie mvuke. Haukuja.

Aliangalia chini. Dkt. Lubango alikuwa ameshika kibofu, vidole vimekizunguka, lakini hakukibana. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Utoe," alisema kwa sauti ya chini. "Utoe mguu, binti yangu. Nakuomba. Siwezi kukaa hapa nikutazame unaliwa."

Inzi alikuwa anavimba kwa damu. Kwenye trei, kereng'ende wachanga walikuwa wamegeuza vichwa wote upande mmoja, wakisubiri kuambiwa.

"Daktari," alisema Subilaga. "Mama yangu mdogo angekuwa amekaa hapa, ungemwambia hivyo?"

Mzee yule alimtazama mama mdogo Tunsume aliyesimama juu ya nyasi na khanga yake mpya, uso ameuelekeza kwake, akisubiri jibu kama vile Subilaga alivyokuwa akilisubiri. Alilia, mtu mzima yule, bila kujificha, huku amepiga magoti.

Kisha akabana kibofu. Mvuke ulitoka, mtamu, na trei nzima ya kereng'ende ikatikisika kwa pamoja.

Akabana tena kwa aliyefuata mwenye kishungi cheusi, na tena. Waliotua bila kunywa aliwaacha waende zao. Mkono wake haukukosea, na jua lilipopanda trei ya kwanza ilikuwa imeshika somo. Subilaga alimuona mmoja akijaribu mabawa, akainuka, akampita inzi-ng'ombe hewani bila hata kumgeukia.

"Wewe ishia hapo kwa leo," alisema mama mdogo. "Mguu mmoja haupaswi kuwalisha wote. Sisi hatukuambiwa hilo. Lete trei ya pili kabla mabawa hayajakauka, nikae mimi."

Subilaga alimshika mkono kumsaidia asogee penye jiwe, ama kumzuia, hata yeye hakujua. Hakuhitajika kuamua. Nyuma yao Dkt. Lubango Masalu alikuwa ameshakaa kwenye nyasi, anafungua kamba za viatu.